Kimya Kisicho na Picha

Tunduma haimsubiri mtu. Jumamosi ile malori yalikuwa yamepangana kutoka forodhani mpaka macho yanapochoka, wabadilisha fedha wametanda barabarani na mafungu ya kwacha, na akina mama wa Nakonde wakivuka na mizigo yao kana kwamba mpaka ni kizingiti cha jikoni. Katikati ya vurugu hiyo Hezron alikuwa amesimamisha stendi, kamera juu yake, jicho moja limefumbwa.

Binti mmoja akatokea na furushi la vitenge kichwani. Alivaa gauni la rangi ya chungwa, kiuno kimeshonwa na fundi anayejua kazi yake, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Alipoiona kamera akasimama wima, akatabasamu. Akaendelea kutabasamu. Watu wakampita kulia na kushoto, wengine wakimsonya, yeye hatikisiki.

"Mbona haiwaki?" aliuliza mwishowe, meno bado yako nje.

"Haiwaki nini, dada?"

"Flashi! Mashavu yananiuma."

Hezron alicheka mpaka stendi ikayumba. "Dada yangu, hii ni video."

"Video kwa kamera ya picha mnato? Pole, kaka. Aliyekuuzia kakupiga."

"Njoo uone kwanza, ndiyo unitukane."

Akamwonyesha kwenye kioo cha nyuma. Umati wote wa Tunduma ulikuwa umefifia, umebaki ukungu wa rangi, na katikati ya ukungu alisimama yeye, kila mkunjo wa kilemba unaonekana. Atupele, ndilo lilikuwa jina lake, alikisogelea kioo.

"Mbona kama niko peke yangu duniani?"

"Ndiyo kazi ya lenzi hii. Kamera za video za kawaida haziwezi. Hii inamtenga mtu na wengine."

"Inatia huruma," Atupele alisema. "Lakini nimependeza."

Upweke Hezron aliujua vizuri. Alitoka Ihanda, kwa mama mkulima wa kahawa, akapanga chumba Tunduma chenye sahani moja na kikombe kimoja. Kazi yake ilikuwa furaha za watu. Kila wikendi alirekodi harusi, akala pilau kwa kusimama, kisha akarudi kwenye chumba kile ambako hakuna aliyemuuliza siku imekwendaje.

Basi Atupele akaanza kuuliza.

"Umekula, bwana mnato?" alimpigia simu jioni moja.

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, Hezi. Mkate ni kisingizio. Njoo kibandani, kuna ugali na mboga."

"Nikija utanifukuza baada ya dakika ngapi?"

"Nitakapoona unamwangalia mteja wangu kuliko mimi."

Alikwenda. Akawa anakwenda kila siku. Alimkuta akiwaita Wazambia kwa Kibemba chake cha mpakani, "Mwaiseni bamayo!", yaani karibuni mama, akikunjua vitenge kwa mkono mmoja na kumpakulia Hezron kwa mkono wa pili. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wenye vibanda jirani walijua kabla ya wenyewe.

Mvua zilipokuwa zimekolea, binamu yake Atupele, Loisi, alifanyiwa send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kwao Itumba, na video akapewa Hezron. Alikwenda na kamera mbili. Moja aliishika mwenyewe, nyingine akaisimamisha ukumbini, ikitazama viti vya familia na mlango wa ukumbi.

"Hii ya kwenye stendi ina ugonjwa," alimwambia Atupele. "Imezaliwa kupiga picha, si kurekodi saa nzima. Ikipata joto inajizima. Ukiona nukta nyekundu imepotea na mimi sipo, bonyeza hapa, halafu piga kofi moja mbele ya lenzi."

"Kofi la nini tena? Niishangilie?"

"Sauti ya kamera ni mbovu, kwa hiyo sauti naichukua pembeni." Akambana kinasa sauti kidogo kwenye ukosi wa gauni, maana Atupele ndiye angesema kwa niaba ya dada za bibi harusi. Vidole vyake vilichelewa kidogo pale shingoni. "Baadaye nalilaza kofi la kwenye sauti juu ya kofi la kwenye picha. Yakikutana, mdomo na maneno vinakwenda pamoja."

"Kumbe hata picha na sauti zinaoana," Atupele alisema, akamkonyeza. Hezron akaenda kurekodi nje huku anajigonga kwenye viti.

Wiki iliyofuata, mchana wa mvua, alikaa chumbani akisafisha sauti. Alirukaruka akitafuta hotuba, na mahali fulani akaangukia sauti ya mama mtu mzima. Alikuwa Enesi, shangazi yake Atupele, akinong'ona karibu kabisa na kinasa sauti.

"Atu, wazee wa Edson wamekuja kwangu. Mtoto wa mchungaji, ana ajira, anakutaka kwa heshima. Niwaambie umekubali?"

Hezron aliongeza sauti. Kikafuata kimya. Kimya kirefu. Kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Kila mtu anajua kuwa binti aliyelelewa hajibu jambo hilo kwa mdomo mbele ya mkubwa wake. Akinyamaza, ameridhia. Na vigelegele vile, je? Hezron alivua spika za masikioni, akakaa akitazama ukuta. Ile kamera ya stendi aliamini haikuona kitu, kwa kuwa alipotoka nje kumpokea bibi harusi aliiacha imeshajizima. Akaimalizia video kwa hasira, akachukua vipande alivyovikumbuka, akafunika vingine vyote kwa muziki, na kadi ya kamera ile akaitupa kwenye kopo.

Simu kutoka kwa Atupele iliita, Hezron hakupokea. Ikaita kesho yake, na siku nyingine tena. Mwisho akapokea.

"Hezi, nimekukosea nini?"

"Hongera, Atupele."

"Hongera ya nini?"

"Wewe unajua."

Akakata, akaifuta namba. Kuuliza si ujinga, lakini wapo wanaume ambao ni heri wampoteze mke kuliko waulize swali moja. Atupele alibaki kibandani na simu mkononi, mteja anamwita hasikii. Baada ya wiki chache kibanda kikawa cha mtu mwingine, muuza ndala, na Hezron, aliyesikia kwamba Atupele amerudi kwao Itumba, akaanza kuzunguka njia ya nyuma ili asipite pale.

Miezi ilikuwa mirefu. Aliendelea kurekodi harusi. Watu walimsifu, wakasema picha zake zinafanana na za sinema, na kila bibi harusi alisimama peke yake katikati ya ukungu. Usoni mwa kila mmoja alimtafuta mtu ambaye hakuwepo. Mama yake alipiga simu kutoka Ihanda.

"Kahawa imeiva, mwanangu. Utakuja kuchuma na nani?"

"Nitakuja mwenyewe, mama."

"Mwenyewe, mwenyewe. Hata kuku hali peke yake."

Ni kazi ya harusi mjini Vwawa iliyomfanya atafute kadi ya ziada kwenye kopo. Kabla ya kuifuta aliiweka kwenye kompyuta, aangalie tu. Akaona kipande asichokijua.

Kilianza na uso mkubwa, umekaribia mno, umefifia. Ukarudi nyuma kidogo, ukawa Atupele. "Hezi, ilizimika," alisema kwa sauti mbovu ya kamera. "Nimekuwashia." Akapiga kofi moja mbele ya lenzi, akacheka, akarudi kuketi kando ya shangazi yake.

Hezron aliitafuta ile sauti ya kinasa sauti. Akalipata kofi, akalilaza juu ya kofi. Mdomo wa shangazi na maneno yake vikaenda pamoja.

"Niwaambie umekubali?"

Kikaja kile kimya. Na ndani ya kimya kile Atupele alikuwa anatikisa kichwa. Shangazi akamshika mkono kwa nguvu, yeye akatikisa tena. Kisha, kwa kuwa kunyoosha kidole mbele za watu ni utovu wa adabu, akachomoza midomo kuelekea mlangoni. Huko Hezron mwenyewe alikuwa anaingia kinyumenyume, jicho kwenye kamera, akimrekodi Loisi. Vigelegele vilikuwa vya Loisi. Hezron wa kwenye picha akajikwaa, nusura aanguke, na Atupele akaziba mdomo kwa kiganja asicheke.

Hezron alilia. Alilia vibaya, kama mtu aliyemzika mpendwa wake kwa mikono yake mwenyewe.

Kulipokucha alipanda gari la kwenda Mpemba, kutoka hapo akashika njia ya Ileje. Itumba kulikuwa na baridi. Alimkuta Atupele sokoni, sweta kubwa la kijivu juu ya kitenge, amepungua mashavu. Hakuwa na pete. Edson, aliambiwa baadaye, alishaoa kwingine. Hezron akamnyooshea kamera, kile kipande kikicheza kwenye kioo. Atupele aliangalia mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kamera ndiyo imekuambia," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwepo, Hezi. Nina mdomo. Nilikupigia mpaka majirani wakawa wananionea aibu. Nilimkataa mtoto wa mchungaji, shangazi mpaka leo ananisalimia kwa pembeni, halafu wewe unaniambia hongera. Unajua nilivyokaa hapa?"

"Sijui. Niambie."

Akamwambia. Hezron alisimama kwenye baridi akasikiliza yote, hakujitetea hata kwa neno moja.

"Naomba nilete wazee," alisema alipomaliza.

Atupele aliokota kitenge, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Magari ya kurudi hayangoji," alisema bila kumtazama. "Nenda."

Alikwenda. Kwenye stendi ya magari abiria walikuwa wameshajaa, dereva anapasha injini. Hezron alikuwa ameweka mguu mmoja ndani wakati simu ilipoita. Ilikuwa namba bila jina. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umepokea," sauti ilisema.

"Nimepokea."

"Nilikuwa najaribu tu."

Hezron aliushusha mguu, akasogea pembeni. Alisikia soko kupitia simu, mtu anabishania bei ya maharage, na pumzi yake Atupele.

"Bado upo?" Atupele aliuliza.

"Nipo."

"Siku hiyo kamera uiache Tunduma."

"Siku ipi, Atu? Ya wazee?"

Hakujibu. Dereva alipiga honi, konda akamwita kwa mkono, na kile kimya kikaendelea. Hezron alifumba macho, akaibana simu sikioni. Hakukata.