Meseji ya Butoyi

Kila asubuhi Frida alifungua ofisi yao ndogo katika mtaa wa Katubuka, akaweka chai mezani, akawasha kompyuta. Yeye na mwenzake Davis walitengeneza programu ya kliniki, inayowatumia akina mama meseji za kuwakumbusha siku ya chanjo.

Kabla ya kazi yoyote, programu ilijipima. Davis alikuwa ameiandikia majaribio mia mbili yanayojiendesha yenyewe. Baada ya dakika tatu alama zote zilikuwa za kijani, yaani hakuna kosa lililoonekana.

"Mambo safi," Davis alisema.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Melania, nesi wa kliniki moja ya Buzebazeba.

"Frida, nina mama hapa, Clementina. Ana mapacha, Bukuru na Butoyi. Meseji ilimtaja Bukuru tu. Butoyi amepitwa na chanjo ya surua wiki tatu."

Frida aliuliza, "Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima. Nimemchanja sasa hivi. Mama alidhani siku ya Butoyi bado, maana alizaliwa mdogo kuliko mwenzake. Lakini mwezi ujao zahanati ya Kagunga nayo inaanza kutumia programu yenu. Msiporekebisha, tunarudi kwenye daftari."

Davis aliendesha majaribio upya. Kijani kitupu.

"Basi hayatusaidii," Frida alisema kwa uchungu. "Tuyatupe. Tutapima kila kitu kwa mkono."

Mchana alikwenda kwa jirani yake, Mama Eufrasia, aliyehamia kutoka Iringa. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kupima programu kabla hazijafika kwa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea?"

Frida alimweleza yote. Mama Eufrasia akatikisa kichwa.

"Usitupe kitu. Majaribio mia mbili kwa mkono ni siku mbili, na utachoka, utaruka mengine. Kompyuta haichoki. Ila inajibu kile ilichoulizwa tu. Mliiuliza habari za mapacha?"

"Hatukuwaza."

"Nayo haiwazi. Kuwaza ni kazi yenu. Tengeni saa moja, mchague swali moja. Kwa mfano, familia yenye simu moja inapatwa na nini? Keti na mtu anayeijua kliniki. Peleleza. Kila jibu likupe swali jingine, na uandike unachokiona. Ukipata kosa, Davis alirekebishe, kisha aongeze jaribio la kulichunga kila siku. Mtu anatafuta, kompyuta inalinda."

Kesho yake Frida na Melania waliketi pamoja ofisini. Wakaandika mapacha wa kubuni, na pacha wa pili akafutika, akabaki wa kwanza peke yake. Programu ilimtambua mtoto kwa simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa. Mapacha wana vyote sawa, kwa hiyo iliwaona mtoto mmoja.

"Na mtandao ukikatika?" Melania aliuliza. "Kagunga hukatika sana."

Frida alizima mtandao, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili, akauwasha tena. Mtoto mmoja akaandikwa mara mbili. Davis aliacha kiti chake, akaja kutazama.

"Hilo nisingeliwaza hata mwaka mzima," alikiri.

Wiki mbili walipeleleza saa moja kila siku, naye Davis alizidi kuuliza maswali ya ajabu. Walipata makosa kumi na moja, wakayarekebisha, wakaongeza majaribio kumi na moja.

Siku mbili kabla ya Kagunga kuanza, Davis alibadilisha sehemu ya kutuma meseji. Alama moja ikawaka nyekundu. Lilikuwa jaribio la mapacha.

"Nimemfuta pacha tena," alisema.

"Ndiyo. Ila leo tumejua sisi kabla ya mama yake," Frida alijibu. Kabla ya chakula cha mchana alama zote zilikuwa kijani.

Mwezi mmoja baada ya Kagunga kuanza, Frida alipanda boti kwenda Kagunga kushuhudia siku ya chanjo. Akina mama walijaa uwanja wa zahanati, wengine wameshika simu zenye meseji. Pastory, nesi wa pale, alisoma majina moja moja na kulinganisha na kadi. Walitarajiwa watoto arobaini na sita, wakiwemo mapacha jozi mbili. Alipomaliza alisoma orodha tena, kana kwamba haamini, kisha akamshika Frida mkono kwa mikono yote miwili.

Frida alimpigia Davis.

"Kuna kosa?" Davis aliuliza haraka.

"Wamefika arobaini na sita," Frida alisema. "Hakuna aliyekosekana."