Nibebee Hili Moja

"Nani alibebesha mti huu?"

Mwalimu mstaafu hakusalimia wala hakuvua kofia. Aliubwaga mchungwa juu ya meza ya Mama Kitalu, vipande viwili, cha juu na majani yake, cha chini na mizizi na udongo. Kikombe cha chai kikapinduka. Mti ulikuwa umevunjika pale palipoungwa, laini, utadhani umepitishwa msumeno.

"Mwalimu, keti kwanza tuongee."

"Sikai. Miti mia mbili na arobaini nilinunua hapa kwako, mama. Upepo wa jana, wala si wa kuezua bati, umeniangushia kumi na tisa. Iliyobaki nimeitikisa kwa mkono huu, inacheza kama jino bovu. Miaka minne nimeimwagilia! Nani alibebesha?"

Kwenye shina bado palining'inia lebo ya plastiki. Mama Kitalu akaifuta matope kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti.

"Shoto."

Shoto mwenyewe alikuwa nje ya dirisha, kisu mkononi, ameinamia miche. Jina hilo alipewa siku ya kwanza kazini kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, na lile la kwenye kitambulisho likasahaulika. Hapakuwa na mbebeshaji, fundi wa kuunga miche, aliyemfikia kitaluni pale. Kikonyo cha mti mmoja akikiunga yeye kwenye shina la mwingine, kilishika. Miche ya Mwalimu aliikumbuka vizuri. Aliikumbuka kwa sababu hakuigusa hata mmoja.

"Njoo saa nane mchana, Mwalimu," Mama Kitalu alisema. "Aliyefanya atasema mbele yako. Akishasema, hapa kwangu unga wake umemwagika."

Kabla Shoto hajanyanyuka, mtu alimshika kiwiko. Alikuwa Msimamizi wa kitalu, mchumba wake, ambaye zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili wafunge ndoa. Akamvuta hadi nyuma ya tangi la maji.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ulibebesha kwenye shina gani?"

Msimamizi akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, baba. Shina gani?"

"Mlimau."

Shoto akashika ukuta wa tangi. Machungwa, malimau na machenza ni ukoo mmoja, na unaweza kuunga hili juu ya lile, lakini si kila ndugu anakaa na kila ndugu. Aina ile ya chungwa aliyoitaka Mwalimu hubebeshwa kwenye mchenza. Kwenye mlimau nako inashika, inachanua, inakupa moyo, na mwaka wa nne inaanza kuachana na shina polepole, ndani kwa ndani, bila jani hata moja kukuambia.

"Na ulijua?"

"Nilijua. Miche ya mchenza ilikauka. Nilisahau kuifungulia maji siku tatu, Mama yuko safari. Ningefanyaje? Mlimau ulikuwepo, nikabebesha. Nikasema labda itashika."

"Na lebo ukaandika jina langu."

"Kwa sababu ilikuwa kazi yako! Wewe ulikuwa msibani. Mama angerudi akute hujafanya, angekufukuza. Nilikufichia, Shoto. Umesahau?"

Asingeweza kusahau. Wiki ile alimzika mama yake mzazi, na siku ya pili ya matanga, amekaa sakafuni hana hata machozi, simu ikalia, ujumbe wa Msimamizi. Kabla ya ujumbe ule Msimamizi alikuwa msimamizi tu, mtu wa kumkwepa ukichelewa. Baada yake akawa mtu. Skrini ya simu ile ilishapasuka mara mbili, na Shoto alikataa kununua nyingine kwa ajili ya maneno yale tu:

"Pole sana Shoto. Usiwaze kazi. Miche yote ya Mwalimu nimeshakubebeshea mimi. Lia mpaka umalize, mimi nipo."

"Sijasahau," alisema.

"Basi nibebee hili moja. Mama anakupenda, atafoka kisha atakurudisha. Mimi hawezi kunirudisha, msimamizi mzima. Ndoa ni hiyo, chumba tumeshapata, kadi watu wanazo mikononi. Useme ulikosea, yaishe. Mpenzi, nimekuomba nini mimi tangu tujuane?"

Ni kweli hakuwahi kumwomba kitu kikubwa. Shoto akafuta kisu kwenye aproni, upande huu, upande ule, mpaka hakikuwa na cha kufutwa.

"Nitabeba," alisema.

Msimamizi akambusu kwenye paji la uso. Na Shoto, mjinga wa watu, akajisikia vizuri.

Saa nane ofisi ilijaa. Mama Kitalu nyuma ya meza, Mwalimu kwenye kiti, Msimamizi kasimama karibu na mlango mikono nyuma kama mtu aliyekuja kusikiliza hotuba.

"Shikamoo Mwalimu," Shoto alisema.

"Marahaba. Sema, binti."

"Ni mimi. Nilibebesha mimi."

"Shina gani?"

"Mlimau."

"Kwa nini?"

"Nilikosea tu."

"Mara mia mbili na arobaini?"

Mama Kitalu akapiga meza kwa kiganja.

"Wewe! Wewe niliyekuwa nakupeleka kufundisha wenzako! Unajua umemfanya nini mzee wa watu? Alipanda na mke wake ile miti, na mke mwenyewe hayupo tena!"

"Nisamehe, Mama. Mwalimu, nisamehe."

Mwalimu alikuwa akimtazama mkono, ule uliokuwa ukifuta machozi. Akatoa utepe wa nailoni kwenye boksi lililokuwa mezani, akamsogezea pamoja na kile kipande cha mti.

"Hebu funga hapa, kama unavyofunga mche."

"Mwalimu?"

"Funga tu, mwanangu."

Alifunga. Mikono kazi iliijua yenyewe, ikazungusha utepe kutoka chini kwenda juu, mizunguko saba. Mwalimu akavaa miwani.

"Mama, sogea uone. Aliyebebesha mti huu alisahau kufungua utepe kwa wakati, ukabana gome. Kovu lake hili hapa, limezunguka likipanda kuelekea kulia. Sasa tazama huu aliofunga yeye."

Mama Kitalu akainama. Utepe wa Shoto ulipanda kuelekea kushoto, ukalikata lile kovu kama herufi X.

"Nimefundisha miaka thelathini na nane," Mwalimu alisema. "Mtoto wa shoto nilikuwa namjua kabla hajafungua daftari. Si wewe, binti. Unamficha nani?"

Shoto akainua macho, akamtazama Msimamizi. Hakumtaja. Alimpa nafasi, ndiyo hiyo tu aliyokuwa nayo ya kumpa. Alisubiri amuone akimeza mate, akivuta pumzi, akisema "ni mimi". Angemsamehe papo hapo, na ndoa angefunga naye hata kama hana kazi.

Msimamizi akakohoa.

"Mama, mimi nisiseme uongo. Ni yeye. Nilimwona kwa macho yangu. Siku zile alikuwa anajifundisha kufunga kwa mkono wa kulia."

"Anajifundisha?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo. Halafu ilikuwa kipindi cha msiba wa mama yake, akili yake haikuwa sawa. Alikuwa anafanya vitu hata havieleweki. Mimi nikanyamaza kwa kumhurumia."

Shoto alisikia kitu kimeachana ndani ya kifua chake. Kumbe angevumilia yote, kazi, aibu, matusi ya Mama Kitalu. Lakini mama yake alikuwa kaburini, na mtu huyu alikuwa amemfukua ili ajifunike naye.

Akatoa simu mfukoni.

"Shoto," Msimamizi alisema haraka. "Shoto, tutaongea nyumbani."

"Mama, naomba nisome kitu."

"Shoto, nakuomba!"

Akasoma. Alisoma polepole, na sauti ilimkatika mara moja tu, kwenye "lia mpaka umalize". Kisha akaiweka simu mezani, skrini yake iliyopasuka ikitazama juu, tarehe ikionekana. Mama Kitalu akaisoma mwenyewe, mara mbili. Akainua uso kuelekea mlangoni.

"Funguo."

"Mama, naomba nieleze..."

"Weka funguo za kitalu hapa, uondoke. Umenifanya nimtukane binti wa watu kwa mdomo wangu!"

Msimamizi alimkuta Shoto uani, kwenye meza yake, akikusanya visu.

"Ujumbe wa mapenzi," alisema, machozi yakimtoka kweli. "Nilikuandikia kwa mapenzi, Shoto. Umenichinja nao."

"Ulikuwa wa mapenzi kweli?"

"Haki ya Mungu. Siku ile nilikuwa nakupenda mpaka nahisi kuumwa. Nilitaka tu usihangaike."

Shoto alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma kuliko uongo wote.

"Ungesema 'ni mimi', ningekuoa mimi mwenyewe," alisema. "Waambie dada zako wakazikusanye kadi kwa watu. Mimi kwetu nitasema."

"Kwa kosa moja tu?"

"Makosa ni mia mbili na arobaini. Na la leo."

Siku tatu baadaye Shoto alikuwa shambani kwa Mwalimu na msumeno. Mama Kitalu alitaka kumtuma mtu mwingine, alikataa. Miti ilisimama mistari kwa mistari, ya kijani, mizuri, imeanza kubeba machungwa madogo mabichi. Kwa mbali usingejua kwamba hapana hata mmoja mzima.

"Hakuna njia nyingine?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu. Nikate chini ya kiungo. Shina la mlimau litachipua, nitalibebesha aina nyingine, inayopatana nalo."

"Halafu?"

"Halafu tunasubiri. Miaka mitatu. Minne ndiyo uvune vizuri."

Mzee akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mimi nina miaka themanini na moja, binti."

Mwalimu akaushika mti wa kwanza kwa mikono miwili ili usimwangukie Shoto.

"Kata," alisema.

Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini, wakapumzika, wakaendelea. Machungwa mabichi yalidondoka na kubingirika kwenye mistari, na hakuna aliyeyaokota. Alasiri simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Namba ilikuwa ileile, ameshaifuta jina.

"Najua hunitaki tena. Nataka ujue kitu kimoja tu. Siku ile nilikupenda kweli."

Aliusoma amesimama katikati ya visiki, na akalia kwa sauti, kilio alichotakiwa kukilia sakafuni kwao miaka minne iliyopita. Mwalimu akageuka upande wa pili, akajitia kunoa msumeno. Shoto alipomaliza alifuta pua kwa pindo la aproni, akahesabu mistari kwa macho, akaandika jibu kwa kidole cha kushoto.

"Najua. Imebaki miti mia moja sabini na tisa."

Akaizima simu, akachukua msumeno.