Printa Ilitoa Barua Ambayo Sikuiandika

Sikuwa nimebonyeza kitu!

Nilitia karatasi tu, nikawasha printa, ikaanza kukoroma yenyewe. Ukurasa ukatoka. Nikasoma mstari wa kwanza.

"Mimi Mbithe, nimekubali kwa hiari yangu shamba la marehemu baba liuzwe…"

Nimekubali lini, jamani?! Na nani?

Ngojeni niwaeleze. Ni mwaka 1998, Ukunda. Mimi na mume wangu Masila tulikuwa tunachapia watu barua kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kompyuta yangu mbele, yake chumba cha nyuma, printa moja tu. Nyinyi leo mnachapa kwa simu bila waya, mnaona ni mchezo. Sisi fundi Chengo alitoboa ukuta akapitisha waya, ndipo mashine ya nyuma ikaweza kuchapa huku mbele.

Na aliyeng'ang'ania huo waya uwekwe alikuwa Masila. Nikapiga hesabu yangu haraka…

Shamba lenyewe liko Shimba Hills. Baba aligawiwa alipotoka Ukambani, akazikwa pale pale. Alituachia mimi na kaka yangu Mbuvi, na bila idhini yetu sote wawili bodi ya ardhi haipitishi kitu. Barua ilisema bodi inakaa kesho, Kwale!

Nikamkimbilia Mbuvi. Huyo ndiye aliyekuwa akinishikia kazi Jumamosi nikienda kwaya.

Akasoma, akatikisa kichwa.

"Dada, mume si ndugu. Mfukuze leo leo."

"Na bodi?"

"Niachie mimi. Kesho nitakwenda kuizuia."

Nikamshukuru hadi machozi. Mjinga mimi!

Masila aliporudi, wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Sikujali.

"Mwizi wee! Unauza hadi kaburi la babangu!"

Nikamtupia karatasi usoni. Akaiokota, akaisoma polepole.

"Mama Kavita, hii sikuiandika mimi."

"Kwani printa inaandika yenyewe?"

"Tulia kwanza, tuulizane…"

"Toka kwangu!"

Wateja wakainamisha vichwa. Masila akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaenda. Hakubeba hata shati.

Asubuhi nikamwita Chengo aje aukate huo waya. Akaufuata ukutani, akacheka.

"Shikamoo mama. Nikate nini tena? Panya washaukata. Hii wiki ya pili sasa, tazama kutu."

Hapo nikakumbuka! Masila alikuwa amelalamika mashine yake haichapi. Mimi nikasema ni uvivu.

"Basi barua ilitoka wapi?"

"Hapa hapa kwako. Printa ikikosa karatasi, kazi hungoja ndani ya kompyuta. Ukitia karatasi, inatoka." Akabonyeza mara mbili tatu. "Iliandikwa Jumamosi, saa tisa alasiri."

Jumamosi saa tisa mimi niko kwaya. Kwenye kiti changu alikuwa Mbuvi! Aliona haitoki, akadhani imeharibika, akaenda kuchapisha kwingine.

Jamani, nilifika Kwale sijui vipi. Nikamkuta Mbuvi nje ya ofisi na mnunuzi wake. Aliponiona, akageuza uso.

"Mbuvi! Mimi ni dada yako!"

Akamvuta mnunuzi wake kando.

Mlango ukafunguka. Akatoka Masila, ile karatasi mkononi.

"Nimewaambia hujakubali, na sahihi kwenye barua aliyoileta Mbuvi si yako. Wamekataa kupitisha."

Yaani nilimfukuza kama mbwa, naye akaja kunilindia shamba! Nikaangukia magoti palepale, watu wakitazama.

"Baba Kavita, nisamehe. Twende nyumbani."

Akaniinua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekusamehe, Mbithe. Lakini ulinihukumu mbele ya watu hata hujaniuliza. Kurudi siwezi."

Tangu tuzae hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Hakurudi, wapendwa. Shamba ninalo hadi leo, navuna machungwa peke yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikavua nguo isiyokuwa na kosa.

Dada unayesoma hapa ukiwa na hasira na mumeo, usikimbilie kwenu. Muulize kwanza yeye, umsikilize hadi amalize.