Moyo wa Dada Ulichafuka, Mimi Nikapiga Kigelegele

Nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Nachingwea. Wasomaji wenzangu, kazi yangu ni kutazama mioyo ikidunda... mioyo ya panya!

Katika maabara ya chuo kimoja mbali na kwetu, tunautoa moyo wa panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, tunaupitishia maji maalumu ili uendelee kudunda, tunautia rangi inayong'aa na kuumulika. Kamera inanasa mwanga unavyosambaa kwa kila pigo. Moyo ukikosea kidogo tu, ninauona.

Likizo iliyopita dada yangu Somoe, aliyeolewa Mandawa kule Ruangwa, alikuja kunisalimia nyumbani kwetu. Alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka mingi bila kupata. Nikamwonyesha video kwenye simu.

"Mama wee! Kapanya kenyewe hivi, moyo unacheza ngoma!" alicheka. Kisha akashusha sauti. "Wangu mimi unachafuka, mdogo wangu. Hata ndoo moja ya maji inanikata pumzi."

Kwetu moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Nikamtazama miguu. Imevimba, kandambili zimeacha alama. Nikapiga kigelegele!

"Dada, hiyo mimba!"

Alilia kwa furaha... Nani angebisha? Mtaalamu wa mioyo kasema!

Baadaye shemeji alinisimulia kwamba kila alipomsihi waende hospitali Ruangwa mjini akapimwe, dada alikataa. "Mdogo wangu kashaniambia. Wewe unataka kunitia nuksi tu!"

Msimu wa korosho alianguka shambani akiokota. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akasema hakuna mimba, ni moyo, na ulikuwa umechoka siku nyingi. Nilipofika, dada yangu alishafariki.

Pumzi niliisikia. Uvimbe niliuona. Je, niliuliza swali hata moja? Panya sitamki neno juu yake kabla ya kumpima. Dada yangu wa damu nilimpigia kigelegele...

Baada ya mazishi mama alinikabidhi kanga mpya, ngumu, haijaguswa na maji. Somoe aliinunua iwe mbeleko. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Kaa nayo wewe. Ndiwe uliyemwambia."

Ndugu zangu, mtu akikwambia moyo unachafuka, muulize: tumboni au kifuani? Kisha mpeleke akapimwe, hata kama jibu unadhani unalijua. Nawasihi, msimpe mtu furaha ambayo hamjaipima!

Kanga ninayo. Sijaifua. Kila nikiikunjua, nasikia kigelegele changu mwenyewe.