Mtafsiri wa Kikatiti

Nakiri mbele za Mungu: nilimdanganya rafiki yangu Gadiel kwamba flashi yake imepotea, kumbe naifaidi peke yangu. Ina ile tamthilia ya zamani ya chombo cha angani, iliyotafsiriwa kwa sauti juu ya picha na marehemu Aminieli wa kule Kikatiti, aliyekuwa akimtania nahodha kuwa ana kichwa kama ndizi mshare. Gadiel ameirudia mpaka anajua kila neno la Aminieli.

Juzi nilimrudishia. Jioni umeme ukakatika kwake Moshono, akaiangalia kwenye laptop gizani, huku akimsubiri mkewe Tabitha aliyekwenda kwaya kanisani Akheri. Mara mlango ukagongwa.

“Baba Nice, nifungulie.”

Ni sauti ya Tabitha. Gadiel akainuka. Kwenye laptop Aminieli akasema taratibu, “Gadiel, usifungue.”

Maneno hayo hayakuwahi kuwemo. Akampigia mkewe simu. Tabitha akapokea, na nyuma yake watu wanaimba.

“Bado tuko mazoezini, Baba Nice.”

Kabla hajajibu, pale mlangoni ile sauti ikasema, “Bado tuko mazoezini, Baba Nice.”

Leo mke wangu naye amekwenda kwaya hiyohiyo. Ndugu yangu, nakuomba ukae nami hapa mpaka arudi.