Lenzi Iliyosoma Mita Mbili

Saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani, lenzi ilikataa kumwona mke wa Tabasamu.

Tabasamu lilikuwa jina la mtaani, kwa sababu ya neno alilowaambia wateja wa picha za vitambulisho kutwa kucha. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Kazi ya picha ilipodorora, alianza kurekodi video kwa kamera yake ileile. Alinunua lenzi kuukuu kwa mjane wa mpiga picha mwenzake, akamkalisha mkewe, fundi cherehani, afundishe watu kukata gauni.

Mkewe alikaa mita nne kutoka kwenye stendi ya kamera. Lenzi ikavuma kidogo, kama mbu ndani ya chupa, ikajizungusha yenyewe, na sura ya mkewe ikafifia. Tarakimu za umbali kwenye shingo ya lenzi zilisoma tatu, kama vile ililenga kitu mita tatu mbele yake, na hapo palikuwa na sakafu tupu. Tabasamu akalaumu uzee wa lenzi, akairekebisha kwa mkono, wakaendelea.

Kesho yake ikasoma mbili. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kamera, ambayo ikirekodi nusu saa hupata moto kama pasi, ilikuwa baridi hadi inauma vidole. Mkewe akaweka mkasi chini. Akauliza polepole ni nani aliyesimama pale katikati, maana alimsikia akipumua, na alihisi kuwa mtu huyo amempa yeye mgongo, anaielekea kamera.

Tabasamu akaenda kwa mjane. Mama yule hakuzungukazunguka. Marehemu alipiga picha za kawaida tu kwa lenzi ile, hakurekodi nayo hata siku moja.

"Alikuwa akisema, picha ni kufungua mlango na kuufunga papo hapo," alimwambia. "Wewe umeuacha wazi muda gani?"

Tabasamu akahesabu nusu saa juu ya nusu saa.

Mjomba wa mkewe, aliyejua kuwasomea watu wenye mashetani, alifika mchana huohuo. Aliambiwa yote, akaifunika kamera kwa kitambaa, akamketisha mpwa wake ukutani.

"Mkwe, kinakufuata wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukikitazama. Fumba macho, na usifumbue mpaka nikushike mkono. Kikikuta umefumba, hakina pa kuingilia."

Tabasamu akafumba. Mjomba akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na lenzi ikavuma chini ya kitambaa, ingawa betri ilikuwa mfukoni mwa Tabasamu mwenyewe, ikavuma na kuvuma huku harufu ya nywele ikimjaa puani na sakafu ikilia hatua moja, kisha nyingine, nzito, zisizo na haraka, mpaka kisomo kikakatika ghafla na pumzi baridi ikamgusa shavuni.

"Haya, mkwe. Fumbua," ilisema sauti ya mjomba, sikioni kabisa.

Mkono wa Tabasamu ulikuwa haujashikwa na mtu.

Kutoka ukutani mkewe akanong'ona, meno yakimgongana: "Usifumbue. Mjomba hajasema kitu. Ameanguka."

Tabasamu akafumba kwa nguvu hadi machozi yakamtoka. Pumzi ile ikahamia sikio la pili, taratibu, na safari hii ilikuwa na sauti ya mkewe.

"Mume wangu," ilisema, "tayari kimeondoka."