Waliochoka Kusimama

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa chai. Nekoye aliichemsha asubuhi nje ya hema, msituni walikokuja kutembea likizo, kwa majani na maziwa aliyobeba mwenyewe kutoka nyumbani Chaka, na bado ilinuka ile dawa anayosuguliwa mtoto kifuani akiwa na homa. Akaimwaga, akaosha sufuria, akaanza upya. Chai ya pili ikanuka vilevile.

"Ni hii mti," mumewe Seth akasema. "Kunywa tu."

Mti wenyewe ulikuwa muthaiti, ule wenye harufu ya kafuri, mkongwe kuliko babu wa mtu yeyote, nao upepo ulikuwa umeuvunja katikati. Kilichobaki ni kisiki kirefu kuliko nyumba, kimesimama peke yake palipo wazi, na miti mingine mikubwa imekizunguka. Seth alipiga kambi hapo kwa sababu ni polisi, na polisi hupenda mahali atakapomwona anayekuja. Mvua ilipoanza jioni, alitafuta nguzo ndefu, akaegemeza ncha moja kwenye kisiki na nyingine kwenye ukuta wa hema, akatandaza turubai juu yake. Hakuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, lakini jaribu kumwambia polisi hivyo.

Upande wa pili wa ukuta ule wa hema ndipo binti yao wa pekee, Sylvia, alipolala usiku kucha, mgongo umeigusa nguzo.

Nekoye akaingia kumwamsha. Mtoto alikuwa macho. Alilala wima kama ubao, mikono ubavuni, anatazama juu.

"Amka mami, ukunywe chai."

"Nimechoka."

"Umechoka na nini, na umelala tangu jana?"

"Nimechoka kusimama," Sylvia akasema. Alingoja kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ileile ndogo, "Tumesimama sana, mami. Tangu zamani."

Nekoye akainama kando yake. Akamshika goti ili amkalishe, goti likakataa kukunjika, na kutoka ndani yake ukasikika mlio wa matawi yanayosuguana, ilhali nje hakukuwa na upepo wowote. Akamwita mumewe. Seth akaingia, akacheka, akainama ambebe mtoto, akashindwa. Akajaribu tena huku akihema. Akaacha kucheka.

"Tumpeleke hospitali Nyeri," akanong'ona.

"Utampeleka na nini, Seth? Hata hatuwezi kumuinua."

Wachuka akatokea na kikombe mkononi. Yeye hufundisha na Nekoye shule moja huko Giakanja, na alikuwa amelala katika hema lake, mbali kidogo. Aliiona nguzo kabla ya kuwaona wao, na sauti yake ikashuka.

"Baba Sylvia, ni nani aliegemeza hii kitu?"

"Ni mimi. Maji ilikuwa inaingia."

Wachuka akachungulia ndani, akamwona mtoto. "Ngai," akasema polepole. "Nyanya yangu, cucu, alikuwa anatuambia. Zamani watu wakikata msitu, walikuwa wanaacha mti moja kubwa, ndio roho za ile ingine zipate pa kukaa. Na kama hiyo pia lazima ikatwe, unaegemeza nguzo kutoka hiyo mpaka ingine yenye iko hai, zivuke. Haziwezi ruka. Lazima zipate njia."

"Mambo ya majini ni ya watu wa Pwani, mwalimu. Na wewe si ni mtu wa kanisa?" Seth akauliza.

"Niko wa kanisa. Na hiyo nguzo yako imeegemea mtoto."

Seth aliing'oa nguzo, akaitupa mbali. Haikusaidia kitu. Vidole vya Sylvia vilikuwa vimeanza kukauka, na kati ya pumzi moja na nyingine Nekoye aliweza kusali Baba Yetu yote.

Basi wakafanya alichosema Wachuka, ili roho zivuke kutoka kwa mtoto hadi mti ulio hai. Walimburuta mtoto juu ya turubai hadi kwenye mti mzima ulio karibu, wakamsimamisha kwa shida, mgongo kwenye shina, kisha wakarudi nyuma.

"Hao roho wakianza kuhama, msimguse," Wachuka akasema. "Wakipata mtu, hawatataka mti."

Ukungu ukashuka. Mlio wa matawi ukaanza ndani ya mtoto, ukapanda, ukajibiwa na mti, na majani ya juu yakatikisika, na harufu ya ile dawa ikawa nzito hadi macho yakatoa machozi, na katikati ya hayo yote magoti ya Sylvia yakalegea, uso wake ukarudi kuwa uso wa mtoto, akaanza kuinama mbele akiuacha mti, akalia kwa sauti yake mwenyewe, "Baba, naanguka. Nishike."

"Bado," Wachuka akasema. "Hawajaisha."

"Na akianguka kabla hawajaisha?" Seth akauliza.

"Sijui. Cucu hakuwahi niambia."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Seth alimtazama mkewe mara moja tu, na Nekoye, ambaye mpaka leo hajajisamehe, hakutikisa kichwa wala hakusema hapana, ndipo yule mume akapiga hatua, akatanguliza kifua, na kichwa cha binti yake kikaja kulala begani kwake, kikiwa chepesi na cha moto. Mti ukatulia.

"Mchukue," akasema. "Haraka. Usiniguse mimi."

Sylvia aliomba chai, akanywa yote. Seth alishinda siku hiyo akiegemea mti huu na ule, na wiki zilizofuata alirudi msituni kila alipopata likizo, akaegemea yote mikubwa. Hawatoki. "Wamejua kutembea, Nekoye," alimwambia mkewe. "Sasa wanasema mti ni jela."

Bado anaenda kazini. Hampi mtu mkono. Nyumbani ana chumba chake, na hakuna kitanda humo, kwa kuwa hajui tena kulala. Sylvia akitoka shule humkimbilia amkumbatie kama zamani, na afisa mzima mwenye bunduki humkimbia mtoto wa gredi ya kwanza, anajifungia.

"Mama Sylvia, mtoe hapo mlangoni," husema kutoka ndani, kwa sauti ya chini. "Wameanza kumuulizia kwa jina."

Nekoye humvuta, lakini mtoto ni mtoto. Mama akigeuka kushughulika na sufuria, Sylvia hurudi, huketi sakafuni na kuegemeza mgongo mlangoni, akingoja baba yake aache kununa.